Mwiba Usiotoka: Udhaifu na Unyenyekevu katika Ushuhuda wa Wakristo wa Migori na Homa Bay

Kwa muda mrefu wahakiki wa fasihi ya Afrika Mashariki wameuchukua unyenyekevu wa Kikristo kama jambo lililokwisha kuamuliwa. Hukumu yenyewe yajulikana: mmishenari alimfundisha Mwafrika kuinama, na Mwafrika alipoinama, mlowezi akatwaa shamba. Katika miaka ya 1970, fasihi ilipohesabiwa kuwa silaha ya wanyonge, mhusika aliyepiga magoti na kukiri kwamba yeye ni dhaifu, na kwamba nguvu zake zatoka kwa Mungu, alikuwa na nafasi mbili tu katika uhakiki wetu: ama ni kibaraka, ama ni mtu aliyelishwa kasumba. Mimi mwenyewe nilifundisha hivyo kwa miaka kadhaa, na wanafunzi wangu waliandika hivyo katika mitihani, nami nikawapa alama nzuri. Sikanushi kwamba hukumu hiyo ina ukweli wake, tena ukweli mkubwa. Ninalosema ni kwamba haitoshi, na kwamba imetufanya tupuuze utanzu mmoja wa fasihi simulizi ulio hai kuliko nyingi tunazozifundisha madarasani. Utanzu huo ni ushuhuda.

Mifano yangu nimeichukua katika eneo ambalo zamani liliitwa Nyanza Kusini, na ambalo leo limegawanyika kuwa kaunti za Migori na Homa Bay. Ni vigumu kupata pahali pengine nchini Kenya ambapo makanisa ya namna nyingi yamekaa jirani kwa jirani kiasi hicho. Waadventista wa Sabato walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, wakiongozwa na Arthur Carscallen, Mkanada, pamoja na Peter Nyambo kutoka Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Shule yao ya Kamagambo, karibu na Rongo, ikatoa walimu na wahubiri kwa vizazi kadhaa. Wakatoliki nao walijenga misheni zao, na Waanglikana zao. Kisha yakaja makanisa yaliyozaliwa na Waafrika wenyewe: ya Roho, yanayomkumbuka Alfayo Odongo Mango aliyeuawa Musanda mwaka 1934; la Johera, lililojitenga na Waanglikana mwishoni mwa miaka ya 1950 chini ya Matthew Ajuoga; na Legio Maria, lililochipuka katika miaka ya 1962 na 1963 chini ya Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko. Mlima mtakatifu wa Legio Maria, Got Kwer, uko Migori, na huko ndiko alikozikwa Ondeto baada ya kufa mwaka 1991. Makanisa haya hayapatani katika mambo mengi. Hili huadhimisha Jumamosi na lile Jumapili. Hili limeshika Kilatini cha misa ya kale na lile halitaki hata kengele. Lakini karibu yote yana wakati ambapo muumini husimama katikati ya mkutano akaeleza mambo yake mbele ya watu na mbele ya Mungu.

Fani ya ushuhuda ina kanuni zake. Wimbo husimamishwa. Msemaji huinuka, hutoa salamu ya kumsifu Bwana, na mkutano humjibu. Hutaja jina lake, mara nyingi na jina la mume au la mahali alikotoka. Kisha husimulia kisa, na katika kisa hicho hapana budi pawepo na kushindwa: ugonjwa, ulevi, njaa, kifo cha mtoto, fitina ya jirani. Kutoka katika kushindwa huko hugeuka akamtaja Mungu, na humaliza ama kwa ombi ama kwa kuanzisha wimbo ambao mkutano huudaka. Kisa kizima huenda kikachukua dakika tano au nusu saa. Anayesikia mara ya kwanza aweza kudhani kwamba ni maneno yamtokayo mtu tu. Akisikia mara kumi atang'amua kwamba kuna mpango, kuna mahali pa kunyamaza, kuna namna ya kushusha sauti kabla ya kulitaja jina la ugonjwa, na kuna wasemaji ambao mkutano wajua kwamba wao ni mafundi na kuna wengine ambao huvumiliwa tu.

Yafaa tukumbuke kwamba Oktoba 1968, Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walipoandika waraka wao mashuhuri wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe katika Chuo Kikuu cha Nairobi, waliitaka fasihi simulizi iwekwe katikati ya masomo. Jambo hilo lilifanyika, na sote tumefaidika. Lakini tulipokwenda vijijini na vinasa sauti tulitafuta ngano, methali, vitendawili na nyimbo za jadi. Jumapili asubuhi, wakati kijiji kizima kilipokuwa kanisani kikisimulia, sisi tulikuwa tumepumzika. Nadhani tuliona haya kidogo. Ushuhuda haukuwa wa jadi vya kutosha kuitwa urithi, wala haukuwa wa kimapinduzi vya kutosha kuitwa silaha.

Tuanze na lugha yenyewe, maana hapo ndipo nilipobadili mawazo yangu. Katika Kiswahili twasema mtu ni mnyenyekevu, na kitenzi chake ni kunyenyekea. Kitenzi hicho chataka mtendewa: mtu humnyenyekea fulani. Mtumwa alimnyenyekea bwana wake, raia alimnyenyekea sultani, na mja humnyenyekea Mola. Mkao wa mwili umo ndani ya neno, na mkubwa anayeinamiwa naye yumo. Si ajabu basi kwamba mhakiki akisikia neno hili huuliza mara moja: ni nani huyo anayenyenyekewa, na anapata faida gani? Swali hilo ni halali kabisa.

Katika Dholuo, neno moja litumikalo sana kanisani kwa maana hiyo ni bolruok. Kuna pia neno muol, ambalo laelekea zaidi kwenye upole. Lakini bolruok limeundwa kwa kiambishi -ruok, ambacho huonyesha kwamba tendo lamrudia mtendaji mwenyewe, kama vile -ji- ya Kiswahili katika kujiosha au kujisifu. Kwa hiyo bolruok ni kujishusha. Haliashirii mkubwa anayeinamiwa. Mtu mwenyewe ndiye anayeshusha, na mtu mwenyewe ndiye anayeshushwa. Sisemi kwamba sarufi huthibitisha imani ya watu. Hilo ni kosa ambalo wanaisimu wametuonya nalo mara nyingi, na wana haki. Lakini sarufi huweza kumwonyesha mhakiki mahali pa kutazama. Nami nilipotazama nikaona kwamba kiambishi kile kile kimo katika neno jingine ambalo kila Mjaluo analijua, nalo ni pakruok.

Pakruok ni kujisifu. Katika sherehe za nyatiti, ile ala ya nyuzi nane, msikilizaji aliweza kutoa fedha ili mpigaji asimamishe wimbo. Kisha msikilizaji huyo akasimama na kujipamba kwa majina ya sifa: nyumbani kwake, wajomba zake, rafiki zake, ng'ombe wake, mwanamke aliyemposa. Akimaliza, ala huendelea mpaka mwingine atoe fedha. Mtindo huo haukufa. Waliohudhuria ngoma za ohangla, au wanaosikiliza benga, wanaujua vizuri. Wamishenari wengi hawakuupenda, na waongofu wa kwanza walikatazwa sherehe za nyatiti pamoja na pombe iliyonyweka huko.

Msomaji amekwisha kuona ninakoelekea. Wimbo husimamishwa, mtu husimama, hutaja jina lake na mahali pake, husema habari za nafsi yake mbele ya halaiki, wimbo huendelea. Ushuhuda umekalia kigoda cha pakruok. Maudhui yamepinduliwa, fani imebaki. Waongofu walipoacha nyatiti hawakuacha haja ya kusimama mbele ya watu na kusema mimi ni nani. Walichobadili ni kile wanachojisifia. Aliyekuwa akijitaja kwa ng'ombe sasa anajitaja kwa njaa ambayo Mungu alimvusha.

Na hapa hatuna budi kumtaja Paulo, ambaye wasemaji wa ushuhuda humtaja kuliko mtume mwingine yeyote. Katika waraka wa pili kwa Wakorintho, sura ya 11 na ya 12, Paulo yumo katika mabishano na watu waliokuwa wakijitapa. Naye anaamua kujitapa pia, huku akisema kwamba anafanya kama mpumbavu. Lakini orodha yake ni orodha ya viboko, mawe, kuvunjikiwa na jahazi, njaa na baridi, na kileleni anaweka kisa cha kuteremshwa ukutani ndani ya kapu, usiku, kama mzigo, ili akimbie Dameski. Shujaa wa vita hupanda ukuta wa mji; huyu anateremshwa. Ndipo anapotaja mwiba mwilini mwake, ambao hasemi ni ugonjwa gani, na jinsi alivyoomba mara tatu uondolewe, na haukuondolewa. Alichopewa ni jibu tu, kwamba neema yamtosha na kwamba nguvu za Mungu hukamilika katika udhaifu.

Mtu aliyelelewa katika pakruok hahitaji maelezo ya mwalimu ili ayaelewe maandishi haya. Anajua mchezo unaochezwa. Paulo ametoa fedha, amesimamisha ala, na kila mtu angoja kusikia habari za ng'ombe. Naye anataja kapu. Mimi nilizisoma sura hizo kwa miaka mingi kama mafundisho ya kidini yaliyokauka, na ni kanisani, karibu na barabara itokayo Rongo kwenda Migori mjini, niliposikia kicheko chake. Watu walicheka pale msomaji alipofika kwenye kapu. Walicheka kwa sababu walitambua utanzu.

Kwa upande wa fasihi andishi, mwiba umeingia katika riwaya moja mashuhuri, nayo ni The Promised Land ya Grace Ogot, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1966. Jina lenyewe limetoka katika Agano la Kale. Ochola na mkewe Nyapol wahama Nyanza kwenda Tanganyika kutafuta ardhi yenye rutuba. Nyapol haipendi safari hiyo. Njia ya uhamaji wa namna hiyo ndiyo iliyowafanya Wajaluo wakae pande zote mbili za mpaka, Migori huku na Mara kule. Ochola anafanikiwa, ardhi yamkubali, naye anazidi kujivuna juu ya kile alichokipata. Ndipo husuda ya jirani mmoja, mzee mwenye dawa, inapomletea maradhi ya ajabu: mwili wake wafunikwa na miiba. Daktari mzungu, Thomson, anashindwa. Mganga Magungu ndiye anayemwondolea, na baada ya kuponywa Ochola hana budi kuiacha nchi ile na mali yake.

Wahakiki wengi wameijadili riwaya hii kama ugomvi wa tiba mbili, ya Kizungu na ya Kiafrika, na wakagawanyika kama mwandishi aliegemea upande upi. Nionavyo mimi, hilo ni swali dogo. Ogot alikuwa muuguzi na mkunga aliyefunzwa, alitoka katika nyumba ya Kikristo, na alijua vizuri jinsi hospitali inavyoshindwa. Hakuhitaji kuandika riwaya ili kulisema hilo. Jambo kubwa zaidi ni mwiba wenyewe. Mwandishi aliyelelewa na Biblia hawezi kuujaza miiba mwili wa mhusika wake bila kujua kwamba mwiba mwilini una historia. Iwapo alikusudia au hakukusudia, sitabishana. Lakini msomaji wa Nyanza anausikia mwangwi, na mwangwi huo waonyesha tofauti.

Mwiba wa Paulo hautoki, naye anabaki na kazi yake. Mwiba wa Ochola unatoka, naye anapoteza kila kitu alichokiendea. Kwa Ogot udhaifu ni adhabu au ni hila ya adui. Si mlango wa neema. Ochola haambiwi kwamba neema yamtosha. Anaambiwa ahame. Hapo Ogot yuko karibu na ngano za bibi yake kuliko Paulo: aliyeiacha nchi ya baba zake amerudishwa kwa aibu. Twaweza kuupenda ukali huo. Lakini lazima tukubali kwamba Ochola, hata katika maumivu, hasemi maneno ya ndani juu ya udhaifu wake. Anapiga kelele, anakata tamaa, anaponywa. Riwaya yenye mwiba mkubwa kuliko mwiba wowote katika fasihi ya Kenya haina ushuhuda ndani yake. Hilo ndilo pengo ninaloliona katika kitabu hicho, na sijaona likitajwa vya kutosha. Nyapol angeweza kulijaza, maana yeye ndiye anayejua tangu mwanzo; lakini mwandishi amempa hofu zaidi kuliko sauti.

Kwa msomaji wa Kiswahili ulinganisho wa karibu zaidi hautoki kwa Wakristo. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa mtawala wa Siyu, aliutunga utenzi wake kwa ajili ya binti yake akiwa mgonjwa, na miaka miwili baadaye alikufa. Utenzi huo umefundishwa kwa vizazi kama wosia wa jinsi mke anavyompasa kumtii mume, na umelaumiwa vikali kwa sababu hiyo. Lakini mbele ya mafunzo na baada yake kuna mgonjwa anayemwomba Mungu, anayejua kwamba huenda asipone, na anayetunga hata hivyo. Sifa ya mja dhaifu ambayo washairi wetu wa pwani waliiweka mwanzoni na mwishoni mwa tenzi zao huonekana mara nyingi kama ada tu, kama mtu anayebisha hodi kabla ya kuingia. Kwa Mwana Kupona si ada. Mwili wake ndio unaosema. Mama wa Migori asiyejua herufi moja ya Kiarabu angemwelewa mara moja.

Nirudi kusini mwa Nyanza, kwa sababu hapo ndipo swali lilipoacha kuwa la vitabu. Kuanzia miaka ya 1980 ukimwi uliingia katika vijiji vya ukingoni mwa ziwa kwa namna ambayo wasioishi huko hawaielewi. Katika Dholuo uliitwa ayaki, jina linalotokana na kupora. Wengine waliuita chira, yaani maradhi ya kukonda yanayomfuata mtu aliyevunja miiko, na Marjorie Oludhe Macgoye aliliweka jina hilo juu ya riwaya yake ya mwaka 1997. Jina la chira lilikuwa na faida moja na madhara makubwa. Liliupa ugonjwa maana. Lakini maana hiyo ilikuwa hatia. Mgonjwa alikuwa mkosaji. Katika mazishi hapana aliyeutaja ugonjwa kwa jina. Ilisemwa tu kwamba marehemu aliugua kwa muda mrefu. Mwaka 2001 hospitali ya Homa Bay, kwa msaada wa Madaktari Wasio na Mipaka, ilianza kutoa dawa za kupunguza makali bila malipo, ikiwa miongoni mwa hospitali za kwanza za umma nchini kufanya hivyo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikadiria kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya watano katika Homa Bay alikuwa na virusi, na karibu asilimia 13 katika Migori, ilhali wastani wa nchi nzima ulikuwa chini kidogo ya asilimia 5.

Fikiri basi maana ya kusimama kanisani, katika mahali kama hapo, na kujishusha. Ushuhuda wa ulevi ulioachwa miaka ishirini iliyopita hauna hatari. Kila mtu anajua mwisho wake, na msemaji anatoka akiwa na heshima zaidi kuliko alivyoingia. Lakini yule anayesema kwamba anameza vidonge kila siku, kwamba atavimeza mpaka afe, na kwamba humshukuru Mungu kwa vidonge na kwa siku, huyo hana mwisho wa kuonyesha. Mwiba ungali ndani. Hawezi kusema nilikuwa hivi, sasa niko vile. Atasema tu: niko hivi. Kifani ni jambo gumu sana, maana kisa kisicho na mwisho huwachosha wasikilizaji. Kimaudhui ndicho kisa pekee kinachofanana na kile cha Paulo.

Na ni hapa ambapo lazima tuukosoe ushuhuda wenyewe, tena bila kuuonea huruma. Umeenea mtindo, katika mikutano ya hadhara na katika redio, wa shuhuda ambazo mwiba hutoka daima. Mgonjwa ameombewa, amepona, amepata kazi, na mwishowe amepata gari na ploti. Hii ni pakruok iliyorudi kwa mlango wa nyuma. Ng'ombe wamerejea, ila sasa wana magurudumu. Sina ugomvi na pakruok yenyewe. Ni sanaa nzuri ikichezwa mahali pake, na mpigaji nyatiti hakujifanya kuwa mtume. Ubaya wa shuhuda hizi ni kwamba humfanya msikilizaji ambaye mwiba wake haujatoka aamini kwamba imani yake ni haba. Na katika nchi yenye hesabu kama zile nilizozitaja, aliyeaibishwa namna hiyo huenda akaviacha vidonge ili aonekane ameponywa. Mhakiki asiseme kwamba hilo ni jambo la madaktari. Ni jambo la fani: kisa kimelazimishwa kuwa na mwisho, na mwisho huo waweza kumwua anayekisikia.

Kuna na hoja ya kasumba, ambayo sijaisahau. Je, anayesema kwamba yu dhaifu na kwamba anamtegemea Mungu hajaacha kuidai haki yake? Wengine wameacha. Nimesikia shuhuda ambazo njaa ilisifiwa kana kwamba haikuwa na wenye kuilaumiwa. Lakini historia ya eneo hili hailingani na kanuni hiyo. Gaudencia Aoko alikuwa mwanamke kijana sana aliyefiwa na watoto wake, na katika msiba huo alianza kubatiza watu kwa maelfu na kuwaita wayachome matego ya uchawi, bila kuomba ruhusa ya padri yeyote. Simulizi za Legio Maria zinamweleza Mama Maria kuwa alikuja katika umbo la ajuza maskini, Mwafrika. Watu waliomwona Mama wa Mungu katika ajuza wa aina hiyo hawawezi kusemwa kwamba wamejifunza kumwinamia Mzungu. Wamejifunza jambo jingine, ambalo mamlaka za kanisa na za serikali zililiogopa upesi.

Nimalizie na ushuhuda mmoja, niliousikia katika kanisa dogo la kaunti ya Migori. Mkutano ulikuwa wa mchanganyiko, kama ulivyo mji wenyewe: Wajaluo, Wakuria, Waabagusii, na Waluhya wachache. Kwa hiyo msemaji alisema kwa Dholuo, na kijana mmoja alisimama kando yake akifasiri kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Msemaji alikuwa mama wa makamo, mjane. Alitaja kwao na alikoolewa. Alisema alivyozikwa mumewe, na shemeji zake walivyosema. Alisema siku aliyokwenda kupima. Alilitaja jina la ugonjwa bila kuzunguka. Aliposema neno bolruok, kijana alifasiri kwanza kuwa unyenyekevu, kama ilivyo katika Biblia, kisha akasita, akasema: kujishusha. Nilimsifu moyoni kwa marekebisho hayo. Mama akaendelea. Akasema aliomba aondolewe, akaomba tena, na kwamba hakuondolewa, na kwamba asubuhi ile alikuwa amemeza dawa yake na kutembea kwa miguu mpaka kanisani. Kisha akanyamaza.

Ulikuwa ukimya mrefu. Kijana alingoja sentensi nyingine, nayo haikuja. Wasikilizaji nao walingoja. Mwishowe akasema, kwa Kiswahili, na kwa sauti ya kumalizia, kwamba dada yetu anaamini kuwa siku moja Mungu atamponya kabisa, na watu wakaitikia amina.

Mama aligeuka akamtazama. Kiswahili alikijua, kama watu wengi wa Migori wanavyokijua, cha sokoni. Akasema kwa Kiswahili hicho, taratibu, bila kumkemea, kwamba hilo hakulisema. Kisha akaanzisha wimbo.

Mkanda wangu wa siku ile una sauti zote mbili, na nilipoandika maneno yake nilifanya kosa ambalo wengi wetu hulifanya: niliandika Dholuo upande mmoja na Kiswahili cha mfasiri upande wa pili, kana kwamba ni maneno mamoja. Nimelazimika kuandika upya. Sasa karatasi ina safu tatu. Ya kwanza ni ya mama. Ya pili ni tafsiri yangu. Ya tatu ni ya kijana, pamoja na kila alichoongeza na mahali aliposita. Wanafunzi watakaokusanya shuhuda katika makanisa ya Rongo, Awendo, Suna, Kendu Bay na Mbita nawasihi waandike hivyo hivyo, na waupime ukimya kwa saa.